Jiko la Peleti Lililozeeka: Kutafuta Hitilafu na Kupata Vipuri

Jiko la peleti, yaani linalochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, likigoma baada ya miaka mingi ya kazi, wengi hukimbilia kununua bodi ya umeme kwa sababu ndiyo yenye taa na ndiyo inayotoa ujumbe wa hitilafu. Mara nyingi bodi haina kosa. Jiko hili linahitaji peleti ziingie kwa kipimo, hewa ipite bila kizuizi, na swichi za usalama zithibitishe kwamba mambo hayo mawili yako sawa. Moja likiyumba, bodi hulizima jiko, na hiyo ndiyo kazi yake. Kwa hiyo safisha kwanza, kisha pima, na kipuri kije mwisho.

Chomoa plagi ukutani kabla ya kufungua chochote. Swichi ya jiko peke yake haitoshi. Acha jiko lipoe kabisa. Makaa yaliyofunikwa na majivu hukaa hai kwa saa nyingi, kwa hiyo majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, na ndoo ikae nje. Usiyafyonze kwa mashine ya kawaida ya vumbi la nyumbani: kaa dogo moja linatosha kuwasha mfuko wake, na majivu laini hupenya chujio na kurudi chumbani. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya majivu.

Hewa

Moto wenye afya ni mfupi, wa njano inayong'aa, na unarukaruka. Ukiona moto mrefu wa rangi ya chungwa unaoyumba kivivu, kioo kikiwa cheusi kwa masizi na peleti zikirundikana bila kuungua, hewa haitoshi.

Toa kikombe cha moto, yaani chombo chenye matundu ambamo peleti huungulia, ubandue magamba magumu ya majivu yaliyoyeyuka. Zibua kila tundu kwa msumari au keekee yenye kipenyo kilekile, bila kulipanua. Kisha nenda mahali ambapo wengi hawafiki: nyuma ya bamba au matofali ya ukuta wa ndani, ambako moshi hupita ukielekea kwenye feni. Njia hizo zikijaa majivu, hata ungesafisha kikombe kila siku jiko litaendelea kuzima. Fungua feni ya moshi, piga brashi mapanga yake, na uirudishe kwa gasketi mpya, maana ya zamani hupasuka inapobanduliwa. Malizia na bomba la nje, hasa kifuniko cha chini cha kiungo cha T, ambapo majivu hutua.

Gasketi ya mlango ijaribu kwa kipande cha karatasi. Kibane na mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kukinzana, hewa inaingia hapo badala ya kupita chini ya moto. Rudia jaribio kila baada ya sentimita chache, na usisahau mfuniko wa tangi la peleti, ambao kwenye majiko mengi nao lazima uzibe hewa. Kamba mpya ya gasketi, ya nyuzi za kioo, iwe na unene uleule, na usiivute unapoibandika: ikivutwa huwa nyembamba, na mlango hautaibana.

Feni zinazunguka lakini peleti haziji

Hili ndilo tatizo linalopotosha watu kuliko yote. Mota ya parafujo, yaani ile inayosukuma peleti kutoka tangini, katika majiko mengi ya zamani hupata umeme kupitia swichi za usalama. Ikisimama, huenda yenyewe ni nzima ila umeme haujaifikia.

Chunguza tangi kwanza. Peleti zilizonyonya unyevu huvimba, na vumbi lake hushikamana likawa gumu mdomoni mwa parafujo. Toa peleti zote, fyonza vumbi, kisha legeza skrubu inayofunga shafti ya mota kwenye parafujo. Mota ikizunguka vizuri ikiwa peke yake, kizuizi kiko kwenye parafujo. Itoe na usafishe bomba lake. Mota ikinguruma bila shafti kuzunguka, au shafti ikisogea kidogo kisha ikarudi nyuma, meno ya gia yamelika. Ikiwa kimya kabisa, pima kama inapata umeme. Kipimo hicho hufanyika plagi ikiwa ukutani, kwa hiyo kama hujazoea kupima nyaya zenye umeme, mwachie fundi.

Kama umeme haufiki, fuata mnyororo wa swichi. Swichi ya mvuto wa hewa imeunganishwa kwa kibomba chembamba cha silikoni. Kichunguze kama kimepasuka au kuungua, kichomoe kwenye swichi, kisha pitisha waya mwembamba katika kijitundu cha upande wa jiko. Majivu hukiziba mara kwa mara. Usipulize ndani ya swichi, kwani utando wake ni laini na huchanika. Mafundi huunganisha nyaya zake mbili kwa sekunde chache ili kuona kama mota itaamka. Hicho ni kipimo tu. Jiko lisiwashwe hivyo hata kwa usiku mmoja, kwa sababu swichi hiyo ndiyo inayosimamisha peleti moshi unapokosa njia ya kutokea, na moshi huo una kaboni monoksaidi. Kingʼora cha gesi hiyo kiwepo karibu na jiko siku zote.

Swichi za joto ni visahani vidogo vyenye nyaya mbili, na maandishi yake yanaeleza kazi yake. F110-20 hujifunga joto linapofika nyuzi 110 za Farenhaiti, karibu 43 za Selsiasi, na kujifungua likishuka kwa nyuzi 20 za Farenhaiti. Hiyo ndiyo aina inayothibitisha kuwa moto upo. L250 hufanya kinyume: hufunguka kwenye nyuzi 250, karibu 121 za Selsiasi, na kukata mota jiko linapopita kiasi. Multimita, yaani kipimo cha umeme, itakuonyesha: jiko likiwa baridi na nyaya zimechomolewa, ya F haipitishi umeme, ya L inapitisha. Jiko linalowaka vizuri kisha likazima baada ya robo saa au nusu saa, huku peleti zikiwepo, mara nyingi lina swichi ya F iliyochoka au iliyofunikwa na majivu. Swichi ya kikomo yenye kitufe chekundu ikiwa imeruka, usikibonyeze tu na kuendelea. Tafuta sababu, na anza na feni ya kusambaza joto chumbani: huenda imejaa vumbi au beringi zake zinakwama.

Kiwashio na bodi

Peleti zikishuka bila kuwaka, chomoa nyaya za kiwashio upime ukinzani wake. Zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa wati: kiwashio cha wati 300 kwenye volti 230 kitasoma karibu omu 176, na kwenye volti 120 karibu omu 48. Multimita isiposoma kitu, kimekatika. Kikisoma sawa, hakikisha ncha yake imekaa palepale penye tundu la kikombe na njia yake ya hewa haina majivu.

Bodi ishukiwe baada ya hayo yote. Tazama fyuzi, kapasita zilizovimba kichwani, na alama za kuungua kwenye njia za shaba. Piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Bodi ambayo haitengenezwi tena mara nyingi hurekebishika kwa fundi wa elektroniki, kwa hiyo usiitupe.

Kutafuta kipuri

Namba ya modeli na ya mfululizo iko kwenye bamba nyuma ya jiko au chini ya mfuniko wa tangi. Ikiwa kampuni imefungwa, usikate tamaa, maana kampuni nyingi za majiko zilinunua mota, feni na swichi kwa watengenezaji wengine. Geuza kifaa chenyewe usome jina na namba iliyopigwa juu yake. Katika majiko ya zamani ya Marekani utakuta sana mota za Gleason-Avery au Merkle-Korff na feni za Fasco. Katika yale ya Italia, bodi za Micronova na feni za ebm-papst. Tafuta kwa namba hiyo badala ya jina la jiko, na mara nyingi utapata kitu kilekile kwa bei nafuu.

Kwa mota ya parafujo, linganisha volti, kipenyo cha shafti, nafasi za bolti, mizunguko kwa dakika na mwelekeo. Mizunguko ndiyo hatari zaidi: mota ya mizunguko 2 mahali pa mzunguko 1 humwaga peleti maradufu, na kikombe hufurika moto. Mwelekeo huandikwa CW (kufuata saa) au CCW (kinyume cha saa), lakini wauzaji wengine husoma wakitazama ncha ya shafti na wengine wakitazama nyuma ya mota. Uliza kabla ya kulipa. Kwa feni, pima kipenyo cha mapanga na uangalie yanazunguka upande gani. Kwa kiwashio, pima urefu, kipenyo na wati.

Kioo cha mlango kiwe cha seramiki tu. Kioo kigumu cha kawaida hakihimili joto hilo na hupasuka. Kikombe kilicholiwa na kutu kinaweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea kwa chuma cha pua, mradi idadi, kipenyo na mpangilio wa matundu vibaki vilevile. Njia nyingine nzuri ni kununua jiko bovu la modeli ileile. Bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko mota na feni mpya kwa pamoja.

Ukishafunga kipuri, rudisha vifuniko vyote, washa jiko kwa kiwango cha chini na ukae nalo saa nzima. Hesabu mizunguko ya mota ya parafujo ikiwa imewashwa mfululizo, ulinganishe na namba iliyoandikwa juu yake. Zungusha mkono kwenye viungo vya bomba, bila kuvigusa, kutafuta moshi unaovuja. Kisha zima kwa kitufe uone kama feni ya moshi inaendelea kuzunguka mpaka moto ufe kabisa; ikisimama mapema huku kikombe bado kina moto, rudi kwenye swichi ya F.