Somo: Kufuatilia uchafu wa kijito cha mjini hadi unakotoka

Ndugu wanachama, kuokota chupa na mifuko ukingoni ni kazi njema, lakini kesho zitakuwepo nyingine. Anzeni na mitaro. Udongo wenye nyasi hunywa mvua. Lami na mabati hayanywi. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000, nazo hushuka kwa kishindo zikikokota mafuta ya magari, vumbi la matairi, vinyesi na vipisi vya sigara. Na mara nyingi mtaro wa mvua haupiti mtambo wowote wa kusafisha maji. Unamwaga kijitoni moja kwa moja.

Hatua ya 1. Subiri siku tatu bila mvua, kisha panda na kijito kuelekea juu ukiwa na mwenzako, mmevaa buti na glavu. Andika kila bomba mnalolikuta. Bomba la mvua linalotiririka wakati wa ukavu ni la kutilia shaka: huenda ni chemchemi tu, huenda mtu ameunganisha choo au sinki mahali pasipostahili.

Hatua ya 2. Tazama na unuse bila kugusa. Povu jeupe lenye harufu ya manukato ni sabuni. Ute wa kijivu uliogandamana mdomoni mwa bomba, pamoja na harufu ya choo, ni majitaka. Hapa msiharakishe, maana hatua hii ndiyo inayowapa ushahidi.

Hatua ya 3. Piga picha, andika mahali na saa, peleka kwa mamlaka ya maji au ya mazingira. Msifungue mifuniko ya chemba. Gesi ya humo huua.

Hatua ya 4. Taka ngumu ziondoeni mitaroni kabla ya msimu wa mvua. Mvua ya kwanza baada ya ukavu mrefu ndiyo hubeba uchafu mwingi zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Maji yana utando wa rangi za upinde wa mvua. Ni mafuta?
Jibu: Chokoa kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo, ni bakteria wa chuma, si uchafuzi. Ukijikunja na kuungana tena, ni mafuta.

Swali: Tukifunga wavu kwenye mdomo wa bomba?
Jibu: Unanasa taka kweli, ila ombeni kibali kwanza na mpange zamu ya kuusafisha. Wavu uliojaa huziba, maji yakarudi mitaani na kuingia majumbani. Kama hakuna wa kuusafisha, msiufunge.

Swali: Jirani ana karakana, humwaga oili chafu mtaroni. Tumshtaki?
Jibu: Mwendeeni kwanza, mumwonyeshe bomba linapotokea. Wengi huamini kwa dhati kwamba mtaro unaelekea kwenye mtambo wa majitaka. Akiendelea, ripotini.

Swali: Samaki wetu hufa baada ya mvua ingawa maji hayanuki. Kwa nini?
Jibu: Sababu ni nyingi. Uchafu unaooza hula oksijeni, na maji yaliyopashwa na lami huwa na oksijeni kidogo tangu mwanzo. Vumbi la matairi nalo lina sumu: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kemikali iitwayo 6PPD-quinone, itokanayo na matairi, huua samaki aina ya coho. Msiwale hao waliokufa. Pigeni simu kwa mamlaka siku hiyo hiyo, kabla maji hayajasafiri na ushahidi.