Wiki ya mwisho kabla ya safari ya ng'ambo: mwongozo kwa anayeanzia Mwanza

Kazi yangu ni kukata tiketi na kushughulikia safari za watu hapa Mwanza. Wasafiri wengi huanza kuhangaika siku mbili kabla, tena huanzia pasipostahili: kwenye begi. Begi linaweza kusubiri. Utaratibu ninaowapa ni kuanza na kile kisichorekebishika ukishaondoka hapa. Kasoro ikionekana ukiwa Mwanza, ina dawa. Ikionekana Dar es Salaam, ina gharama. Ikionekana mbele ya dirisha la uhamiaji la nchi ya watu, safari imeishia hapo.

Hatua ya 1: Pasipoti, visa na tiketi juu ya meza moja

Fanya hivi siku saba kabla, si usiku wa kuamkia safari. Soma jina herufi kwa herufi kwenye karatasi zote tatu. Kanda hii tuna tatizo letu: mtu ni Ng'wandu nyumbani, Mwandu kwenye cheti cha shule, na Ngwandu kwenye tiketi. Kukosekana kwa king'ong'o (ile alama ya ' kwenye ng') kusikutishe, mifumo ya ndege haikipokei na mistari ya chini ya pasipoti haina. Lakini M badala ya NG ni jina jingine kabisa. Piga simu kwa aliyekukatia tiketi leo, kwa sababu kurekebisha herufi mapema ni kazi nyepesi kuliko kubishana kaunta.

Kisha tazama pasipoti inaisha lini. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia visa moja, zinataka miezi 3 baada ya siku utakayotoka kwao.

Halafu tarehe. Tiketi ikisema 00:40 tarehe 15, maana yake unatakiwa uwanjani jioni ya tarehe 14. Hili limewaachisha watu ndege, tena wasomi. Chukua kalamu uandike juu ya tiketi: «Naondoka nyumbani siku fulani, saa fulani.»

Hatua ya 2: Kadi ya manjano

Hapa hakuna njia ya mkato. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo aliyekumbuka wiki ya mwisho amechelewa, labda asogeze safari. Usiangalie tu nchi unayokwenda, angalia na unakopitia. Ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa Nairobi, Entebbe au Addis Ababa, nchi ya mbele inaweza kukuhesabu kama umetoka huko. Ulizia kwa shirika la ndege kwa kutaja njia yako yote.

Wenye kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 wasihangaike kuchoma tena. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kadi hiyo ni ya maisha.

Hatua ya 3: Kipande cha Mwanza hadi Dar

Msafiri wa Dar safari yake huanzia Dar. Yako inaanzia Ilemela, na kipande hiki ndicho kinachoharibu safari nyingi ninazoziona.

Kama tiketi yako ni moja kuanzia Mwanza hadi mwisho, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la aliyekuuzia kukutafutia nyingine. Kama umenunua tiketi mbili, ya ndani mbali na ya nje mbali, ukichelewa ni juu yako. Wenye tiketi mbili nawaambia waende Dar siku moja kabla, walale kwa shangazi au gesti. Gharama ya kulala haifiki hata robo ya tiketi mpya.

Tiketi mbili zina mtego mwingine, kilo. Ile ya nje inaweza kukupa mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, ya ndani ikakupa moja tu. Ziada utailipia hapa Mwanza. Nunua nafasi ya begi la pili mapema.

Wa Geita na Sengerema mmepumua tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa. Foleni ya kivuko si kisingizio tena. Wa Ukerewe, njooni mjini siku moja kabla. Ziwa likichafuka halijali tiketi yako.

Hatua ya 4: Dagaa

Najua utabeba. Nani ataondoka Mwanza mikono mitupu wakati mwenyeji wako huko ameshaagiza?

Kwanza sheria. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, na samli imo humo. Samaki kwa matumizi binafsi wanaruhusiwa, hadi kilo 20. Kwa hiyo dagaa na sangara mkavu sawa, nyama ya kukausha acha. Maembe na machungwa ya Ukerewe acha pia, yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi na nanasi hazihitaji. Ukienda Marekani au Australia, tangaza kila chakula, hata pakiti moja. Aliyetangaza, likimfika baya atanyang'anywa. Aliyeficha hupigwa faini.

Sasa ufungaji. Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Chukua waliokaushwa kwenye chanja, si juu ya mchanga. Tafuna mmoja utajua. Nyumbani toa vichwa, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike ukiwabana kwa vidole. Waache wapoe kabisa, kwa sababu ukiwafunga wakiwa na joto watatoa jasho na kuota ukungu kabla hawajafika. Weka kwenye mfuko wa zipu, huo ndani ya mwingine, kisha kwenye kindoo chenye mfuniko uliozungushiwa utepe wa gundi. Begi la chini, kamwe si la mkononi, jirani yako kwenye kiti hana kosa.

Mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, usiguse, hata ukibembelezwa. Yale ni biashara ya pesa nyingi na yana vibali vyake. Na kifurushi cha mtu mwingine kifunguliwe mbele yako, upange wewe mwenyewe. Akinuna, anune.

Hatua ya 5: Hela na simu

Dola ziwe mpya, zisizochorwa wala kuchanika. Ukizidisha thamani ya dola 10,000 mkononi, tangaza forodhani. Waambie benki unasafiri, wafungue kadi itumike nje.

Watu wengi husahau laini. Benki na mitandao ya pesa hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania. Washa huduma ya kutumia laini nje ukiwa bado hapa, ujaribu, uache na salio.

Hatua ya 6: Begi la mkononi na afya

Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Tramadol na dawa zenye codeine zinadhibitiwa vikali Falme za Kiarabu, hivyo anayekwenda Dubai aulizie kwanza. Vimiminika chupa zisizozidi mililita 100. Pawabenki ni ya mkononi tu, ile ya mAh 20,000 inapita.

Ukiwa umekulia ufukweni na kuoga ziwani, pima kichocho kabla hujaondoka, kwani huko daktari anaweza asikifikirie. Na ukipata homa majuma ya mwanzo, sema mapema kwamba umetoka eneo lenye malaria.

Koti nunua mitumba ya Mlango Mmoja. Ulivae ndani ya ndege, usilipime kilo.

Hatua ya 7: Kaunta

Hapa Mwanza uliza swali moja: «Begi hili nitalichukua wapi?» Kama ni Dar, utalitoa mwenyewe na kuanza upya Jengo la Tatu, zinakoondokea ndege za kimataifa. Kama ni mwisho wa safari, hakikisha kifupi cha uwanja huo kimo kwenye stika ya begi. Kipande chako cha stika kibandike nyuma ya pasipoti, na usikitupe mpaka begi liwe mkononi mwako.