Rikoli ya gari: jinsi ya kuomba matengenezo ya bure ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Rikoli ni pale kampuni iliyotengeneza gari inapokiri kwamba kifaa fulani kilitoka kiwandani na kasoro ya hatari, ikayaita magari yote yenye kifaa hicho ili yarekebishwe bila mwenye gari kulipa. Si waranti. Waranti ina mwisho wake wa miaka na kilomita, lakini rikoli hufuata gari lenyewe, hata kama wewe ni mmiliki wa nne.

Shida ni kwamba barua ya wito hutumwa kwa mtu aliye kwenye kumbukumbu za kampuni. Kama gari lako lilinunuliwa mnadani Japani likashushwa bandari ya Dar es Salaam, barua hiyo iliishia kwenye anwani ya Mjapani aliyeliendesha zamani. Hakuna atakayekupigia simu Mwanjelwa au Kihesa kukuambia. Lazima uitafute mwenyewe, na kila kitu kinaanzia kwenye chesisi namba.

Soma chesisi namba kwenye chuma

Wengi huinakili kutoka kwenye kadi ya gari na kuishia hapo. Kadi iliandikwa na mtu, na mtu hukosea: 8 inakuwa B, sifuri inakuwa O. Fungua boneti, futa vumbi kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria, utaona namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe. Hapo ndipo ilipo kwenye Toyota na Nissan ndogo nyingi za Japani. Magari yenye fremu kama Hilux hugongwa kwenye fremu, upande wa tairi la mbele la kulia. Utahitaji tochi na brashi ya waya kuondoa tope. Piga picha namba hiyo, piga picha ya kadi, kisha linganisha herufi kwa herufi. Zikitofautiana, malizana kwanza na TRA, kwa sababu wakala rasmi wa kampuni ya gari hatagusa gari ambalo karatasi zake hazifanani na chuma chake.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi yenye kistari katikati, kwa mfano NCP61-0XXXXXX kwa Toyota IST ya injini ya 1500. Gari lililouzwa jipya na wakala hapa nchini, au lililotengenezwa kwa soko la nje ya Japani, lina namba ya tarakimu na herufi 17, ambayo kamwe haina I, O wala Q. Tofauti hii ni muhimu. Tovuti za kukagua rikoli za Marekani zinadai herufi 17, na ukiwaingizia namba ya Kijapani zitaikataa. Usidhani kukataliwa huko ni habari njema.

Kagua kabla ya kumpigia mtu yeyote

Ingia tovuti ya kampuni husika ya Japani, sehemu ya kukagua rikoli, ukitumia simu inayotafsiri kurasa. Ya Toyota inataka namba ya chesisi yenye sehemu zake mbili: iliyo kabla ya kistari na iliyo baada yake. Majibu huja katika makundi matatu. Rikoli ndiyo nzito kuliko zote. Kundi la pili huitwa kaizen taisaku, marekebisho ya usalama yaliyo chini kidogo ya rikoli, na la tatu ni kampeni za huduma, ambazo mara nyingi ni mambo ya ubora. Tafsiri ya simu ikikuchanganya, tafuta alama hizi: 未実施 maana yake kazi bado haijafanyika, 実施済 maana yake imeshafanyika. Piga picha ukurasa wote, ukiwa na tarehe na namba ya rikoli.

Inayostahili kutafutwa kwa bidii kuliko zote ni ile ya eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali) za Takata, kampuni ya Japani iliyozitengeneza. Ndani ya eabegi kuna kikopo cha chuma chenye kemikali inayowaka na kutoa gesi ya kujaza mfuko. Takata walitumia nitrati ya amonia, na vikopo vingi havikuwekewa kitu cha kunyonya unyevu. Miaka ikipita, unyevu pamoja na joto la mchana linalopishana na baridi ya usiku huharibu kemikali hiyo. Siku ya ajali inawaka kwa kasi kupita kiasi, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia usoni na shingoni mtu ambaye eabegi ilikusudiwa kumwokoa. Watu wamekufa kwa namna hiyo katika ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea.

Magari yaliyoguswa ni pamoja na baadhi ya Corolla, RAV4, Honda Fit na Nissan X-Trail za miaka ya 2000, yaani magari yaliyojaa stendi zetu. Wapo wanaosema Mbeya ni baridi hivyo haituhusu. Gari lililoegeshwa juani Uyole saa nane mchana lina joto kali ndani, na usiku wa Juni linapoa sana. Kupishana huko ndiko kunakoharibu. Anayeshuka Kyela kila wiki anaongeza na unyevu wa ziwani. Tena kuna jambo moja la tarehe: kuanzia Mei 2018 serikali ya Japani ilianza kuyanyima ukaguzi wa lazima magari ya Takata yenye hatari kubwa ambayo hayajarekebishwa. Kama lako lilitoka Japani kabla ya hapo, uwezekano kwamba lilikuja na kikopo kibovu ni mkubwa zaidi.

Ikithibitika kwamba kikopo kibovu ni cha upande wa abiria, kiti cha mbele kibaki wazi mpaka kazi ifanyike. Usimruhusu fundi wa mtaani "aizime" kwa kuchomoa soketi, na usinunue eabegi iliyotolewa kwenye gari chakavu, kwa sababu inaweza kuwa na kikopo kilekile.

Ombi kwa wakala

Wakala rasmi wengi wana makao makuu Dar es Salaam. Simu peke yake haitoshi, maana anayepokea leo siye utakayemkuta siku ya kufika. Andika barua pepe, ambatanisha picha ya chesisi namba kwenye chuma, picha ya kadi, picha ya ukurasa wa rikoli na cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani kama unacho. Maneno yawe machache:

"Yah: Ombi la kufanyiwa matengenezo ya rikoli. Mimi ni mmiliki wa gari aina ya (aina na mwaka), namba ya usajili T ___, chesisi namba ___, lenye kilomita ___. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni, gari hili lina rikoli namba ___ ambayo haijafanyika. Naomba kujibiwa kwa maandishi: je, chesisi hii inaonekana kwenye mfumo wenu? Kifaa kipo stoo au kinaagizwa? Kazi na kifaa vyote ni bure? Itachukua saa ngapi? Gari lipo Mbeya, hivyo naomba pia kufahamu kama mnaleta mafundi mkoani."

Swali la mwisho wengi hulisahau. Baadhi ya wakala hupanga siku za huduma mikoani, na watakuja kwa urahisi zaidi wakijua kuna kazi ya kutosha. Wamiliki kumi wa Iringa, Mafinga na Makambako wakituma orodha moja ya chesisi zao, wanasikilizwa kuliko mmoja mmoja.

Sasa ukweli mchungu. Kwa gari lililoletwa likiwa limetumika, wakala anaweza kukujibu kwamba hakuliuza yeye na hana idhini ya kulihudumia bure. Usigombane. Mwombe apeleke chesisi namba kwa kampuni mama kuomba idhini, na akupe jibu hilo kwa maandishi, liwe ndiyo au hapana. Wengine hukubali kifaa kiwe bure ila mwenye gari alipie ufundi. Kwa kikopo cha eabegi, kama ndilo jibu la mwisho, lipa. Ukikataliwa kabisa au ukizungushwa, peleka malalamiko na nakala zako zote Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kumlinda mlaji. Ndiyo maana tunasisitiza maandishi: malalamiko ya mdomo hayana pa kushika.

Kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia, anza kubadilisha umiliki TRA mapema. Kitambulisho cha NIDA na mkataba wa mauziano uwe navyo siku ya kwenda.

Usiondoke kabla kifaa hakijafika

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na Iringa ni karibu 500. Kosa linalowaumiza watu wa huku kuliko yote ni kuondoka kwa ahadi ya "njoo tutaangalia". Kifaa kikiagizwa nje kinaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Subiri uthibitisho kwamba kimefika na kimewekewa jina la chesisi yako, ndipo upange tarehe. Chukua nafasi ya asubuhi: kubadili kikopo cha eabegi ni kazi ya saa chache, lakini foleni ya gereji inaweza kula siku nzima.

Pima pia kama gari linafaa kusafiri. Rikoli ya eabegi hailifanyi gari kuharibika njiani, lakini kwa baadhi ya magari ya zamani yenye eabegi za Takata kampuni zimeonya yasiendeshwe kabisa hadi yarekebishwe, hivyo uliza kwanza. Rikoli ya breki au usukani ni habari nyingine: usiliteremshe Kitonga, lipandishe kwenye gari la kubebea. Hali ni hiyohiyo kwa pampu za mafuta za Denso ambazo Toyota iliziita mwaka 2020. Injini inaweza kuzimika gari likiwa kwenye mwendo, na injini ikizimika, baada ya kukanyaga breki mara chache pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Hilo halitakiwi likukute mteremko wa Mbalizi na lori nyuma yako.

Siku ya gereji

Kabla ya kukabidhi ufunguo, fanya jaribio hili mbele ya mpokeaji. Fungua swichi bila kuwasha injini, uangalie dashibodi. Taa nyekundu ya eabegi inapaswa kuwaka kama sekunde 6 kisha izime. Isipozima, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, ni mbaya zaidi: huenda aliyeliuza gari alichomoa balbu. Yote yaandikwe kwenye jobu kadi, ili kesho usiambiwe umelipata tatizo hapo. Kadi hiyo iwe pia na chesisi namba, namba ya rikoli na neno "bure". Kazi nyingine wanayokushauri kufanya, kama kubadili pedi, iandikwe kwenye karatasi tofauti yenye bei yake, na una haki ya kukataa.

Taja ajali za nyuma kama unazijua. Gari lililowahi kufumua eabegi Japani linaweza kuwa na kikopo kisicho cha asili, na fundi anahitaji kusoma namba iliyoandikwa kwenye kikopo chenyewe. Fundi anayejua kazi hutoa waya wa hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi za eabegi, ambazo kwa kawaida ni za njano. Kikopo cha zamani hakirudishwi kwako, kinabaki kwao kwenda kuharibiwa. Usikidai.

Rikoli nyingine ni ndogo kwa macho tu. Oktoba 2012 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 7 duniani, Vitz zikiwemo, kwa swichi ya vioo iliyo kwenye mlango wa dereva: ilikosa grisi sawasawa, ikikwama inapata moto na kuyeyuka. Tiba yake ni grisi maalumu. Mafundi wetu hupuliza mafuta ya kopo ili swichi ilainike, na kampuni ilionya waziwazi kwamba vilainishi vya kawaida vinaweza kuifanya iyeyuke. Swichi yako ikikwaruza, iache hivyo hadi ikaguliwe.

Ukipewa gari, rudia jaribio la sekunde 6 ukiwa palepale uwanjani. Chukua karatasi ya kazi yenye mhuri, tarehe, chesisi namba na kifaa kilichobadilishwa, kisha uitunze pamoja na kadi ya gari. Tovuti ya Japani huenda ikaendelea kuonyesha 未実施 kwa sababu kazi imefanyika nje ya nchi yao, na siku ya kuuza gari, karatasi hiyo ndiyo itakayomwonyesha mnunuzi kwamba kikopo kilishatolewa.