Wasifu wa kuombea kazi: anzia kwenye tangazo

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuchambua maombi ya ajira, na kosa ninalokutana nalo zaidi ni mwombaji kutuma wasifu uleule kwa kila tangazo. Anayechambua huweka tangazo upande mmoja na wasifu wako upande wa pili, akatafuta sifa moja baada ya nyingine, na sifa asiyoiona huihesabu kuwa huna, hata kama umeifanyia kazi miaka mitano.

Hatua ya kwanza, basi, ni kulisoma tangazo na kupiga mstari chini ya kila sifa inayotakiwa. Tuseme unaomba nafasi ya mtunza stoo, na mwajiri anataka stashahada ya ununuzi na ugavi, uzoefu wa kutunza leja, na ujuzi wa kompyuta. Mambo hayo matatu yaonekane katika ukurasa wa kwanza.

Hatua ya pili, andika jina lako kama lilivyo kwenye vyeti, kisha namba ya simu inayopatikana, barua pepe na mahali unapoishi. Dini, kabila na majina ya wazazi hayahitajiki, isipokuwa tangazo limeyataka.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni uzoefu. Anza na kazi ya karibuni, ukitaja cheo, mwajiri, na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza. Ukiandika "nilihusika na shughuli zote za stoo", hujanieleza lolote. Andika hivi: "Nilipokea mizigo na kuilinganisha na hati zake, nikatunza leja ya bidhaa za aina 300, na kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi." Kila sentensi ianze na tendo ulilolifanya wewe mwenyewe, na idadi iwe ile utakayoweza kuitetea kwenye usaili. Ambaye hajawahi kuajiriwa aandike mafunzo kwa vitendo na kazi za kujitolea kwa namna hiyohiyo; nimewaona vijana wengi wakiyaacha kwa kuona haya, ilhali hapo ndipo uwezo wao ulipo.

Elimu iandikwe kuanzia ngazi ya juu hadi kidato cha nne. Baada yake wataje wadhamini watatu, vyeo vyao na simu zao, baada ya kuwaomba ridhaa.

Kwa nafasi za serikali ya Tanzania zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, maombi hutumwa kwa mfumo wa mtandaoni uitwao Ajira Portal. Soma masharti ya viambatisho kwa makini, kwa kuwa hati za matokeo ya muda na hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti kamili, na waliosoma nje ya nchi hutakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na TCU (tume ya vyuo vikuu), NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) au NECTA (baraza la mitihani).

Mwisho, upange wasifu katika kurasa mbili, herufi za aina moja zenye ukubwa wa 11 au 12, bila mapambo, na uuhifadhi kama PDF yenye jina lako. Kabla ya kuutuma, mpe mtu asiyeijua kazi hiyo ausome, kisha akueleze unaomba nafasi gani na kwa nini unaifaa. Akisitasita, rudi kwenye ukurasa wa kwanza.