Gari Lisichemshe Kati ya Tabora na Kigoma: Mambo ya Kukagua Kabla

Gari linalochemsha likifika Kaliua mara nyingi lilishaanza kuumwa likiwa bado limepaki Tabora. Dalili zilikuwepo, ila huonekana vizuri injini ikiwa baridi, na wengi hufungua boneti mvuke ukiwa umeshatoka. Ukaguzi wa maana ni wa alfajiri, kabla hujawasha. Tena uufanye siku mbili kabla ya safari, ili ukikuta ubovu fundi awe na muda na duka la spea liwe wazi.

Anza na mfuniko wa rejeta. Ufungue uone maji yamefika shingoni. Chupa ya akiba isikudanganye: inaweza kujaa huku rejeta yenyewe imepungukiwa, kwa sababu mfuniko uliochoka unayatoa maji yakipata moto lakini hauyarudishi yakipoa. Kagua mpira wake kama umekakamaa au umechanika, kisha usome namba iliyoandikwa juu, kwa kawaida 0.9 au 1.1 (kwa baa, kipimo cha presha). Hiyo ndiyo presha inayoshikiliwa. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 96. Ndani ya rejeta yenye mfuniko mzima yanavuka 115 kabla ya kuchemka. Mfuniko mbovu unakunyang'anya nafasi hiyo yote. Ni spea ya bei ndogo, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kuhusu maji yenyewe, weka kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, au iliyokwisha changanywa kiwandani. Gari dogo huchukua kama lita 5 hadi 7. Ukikosa maji ya dukani, ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa. Ya kisima chenye magadi yanaacha ukoko kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na ukiwa Uvinza, mji wa chumvi, onja kwanza kabla ya kujaza.

Minya hozi zote kwa mkono. Iliyolainika kama uji au iliyopasuka-pasuka karibu na klipu haifiki Kigoma. Mkanda wa wota pampu, ile inayozungusha maji ya injini, ukiubonyeza katikati kwa dole gumba usizame zaidi ya sentimita moja hivi. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo. Kikiwa na alama ya maji yaliyokauka, sili imeanza kufa. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama: kwenye magari mengi yenye feni ya umeme, feni inatakiwa kuzunguka papo hapo. Feni ya kwenye pampu, kama ya Hilux au Land Cruiser za zamani, izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa na baridi. Ikiserereka bila kuleta ubishi wowote, klachi yake, yaani kiungo kinachoishikisha feni na pampu, imekwisha.

Halafu mbele ya rejeta. Barabara za vumbi na nyasi za kiangazi hujaza mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, hasa ule mwanya kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, ambao kwa mbele hauonekani. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Na kile kipande cha chandarua kinachofungwa kwenye grili kuzuia mbegu za nyasi, kiondoe au kisafishe kila unaposimama. Kikijaa vumbi kinazuia upepo kuliko hizo mbegu zenyewe.

Kama gari limeshawahi kupandisha geji, jiulize lilipandisha lini. Likipata moto kwenye foleni na kupoa likikimbia, shida ni feni, relei (swichi yake ya umeme) au fyuzi yake. Likipata moto kwenye mwendo mkubwa au likipanda na mzigo, kama kutoka Kigoma kwenda Kasulu, shuku rejeta iliyoziba, pampu, au themostati isiyofunguka yote, yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Likitupa maji bila kuonekana linavujia wapi, liwashe likiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yasiyoisha yakitoka shingoni, hedi gasketi, pakingi iliyo kati ya injini na kichwa chake (hedi), imeungua, na hakuna dawa ya kumimina itakayoiponya.

Hapa ndipo fundi atakapokwambia, "Toa themostati, bosi, gari lipoe." Kataa. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huwa inaziba njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kupozwa. Zaidi ya hapo, injini inachelewa kupata joto na inakula mafuta. Iliyokwama nunua mpya. Kuipima, itumbukize kwenye maji yanayopashwa moto: nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82 au 88, namba ikiwa imegongwa kwenye chuma chake.

Garini weka dumu la maji la lita 10, klipu za hozi kama nne, mkanda wa akiba, fyuzi na relei ya feni, kitambaa kinene, na ukanda mrefu wa tyubu ya baiskeli. Hozi iliyotoboka ikifungwa tyubu kwa kukazwa, na mfuniko wa rejeta ukifungwa nusu tu, kwenye kituo cha kwanza, ili presha isipande, inaweza kukufikisha kwa fundi kwa mwendo wa pole.

Geji ikianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, upaki. Ikifika kwenye H, au mvuke ukitoka, zima injini hapo hapo. Geji ikishuka ghafla huku mvuke unafuka usifurahi: maji yamekwisha na sensa haina cha kupima. Subiri dakika 45 angalau. Fungua mfuniko kwa kitambaa, nusu kwanza, hewa iishe. Kabla ya kuwasha, chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe, tafuta wa kukuvuta. Ikiwa safi, mimina maji kidogo kidogo, washa, kisha endelea kuongeza injini ikiunguruma, hita ikiwa wazi ili hewa itoke. Maji ya baridi yakimwagwa kwa mkupuo kwenye injini kavu yenye moto yanaweza kupasua hedi.