Namna ya kuipata M87 kwa darubini ukiwa Dodoma (bila kudanganywa na majirani zake)

Juzi mpwa wangu kanipigia, kanunua darubini, kakesha anaisaka M87 mpaka saa nane usiku, hola. "Mjomba, au hii kitu ni mbovu?" Si mbovu. Hata mimi mwaka wa kwanza ilinila usiku tatu nzima. Naandika hapa ili nisirudie kumweleza kila mtu.

M87 ni galaksi duaradufu, yaani haina mikono, ni kama yai la nyota za kizee. Ipo kwenye kundinyota la Mashuke (wazee wa falaki wanaita Sumbula), mbali kama miaka ya nuru milioni 54. Ndo ile yenye shimo jeusi lililotolewa picha tarehe 10 Aprili 2019, lile duara la moto. Ile picha isahau, ilitengenezwa na darubini za redio zilizounganishwa kutoka pande mbalimbali za dunia, we utaona kiukungu tu.

Hatua ya 1: Darubini
Dobsonian ya inchi 8 (darubini ya kioo inayokaa kwenye kitako cha kuzungusha kwa mkono, kioo chake upana inchi 8), basi. Zile ndogo za stendi ya miguu ya korongo ukigusa tu nyota zinacheza sindimba. Na zenye mota za kutafuta zenyewe sizipendi, betri ikikata porini umebaki umekumbatia bomba.

Hatua ya 2: Usiku
Mei, mvua zimeisha, karibu na mwezi mwandamo. Toka mjini, sisi huwa tunaenda upande wa Hombolo. Katikati ya Mei kwenye saa tatu unusu hivi M87 inakuwa juu kabisa upande wa kaskazini, nyuzi kama 71 toka upeo wa macho. Tochi ipake rangi ya kucha nyekundu, mara mbili, simu iache mfukoni.

Hatua ya 3: Kuitafuta (hapa ndo pana kazi)
Elekea kaskazini, tazama juu. Kushoto kwako ipo Denebola, ule mkia wa Simba, kulia ipo Vindemiatrix, nyota ya Mashuke. Vitabu vingi vinasema M87 ipo katikati ya hizo mbili na hapo ndo watu wanapotea, mimi nikiwemo, kwa sababu ukilenga katikati kabisa unaangukia galaksi nyingine, M84 na M86, ambazo nazo zina ukungu wa duara uleule, unafurahi, unaandika kwenye daftari "nimeiona", kumbe umemwona jirani. Alama yake ni hii: ukiona viukungu viwili vinavyolingana ndani ya duara moja la lenzi, umekosea. M87 inakaa peke yake, pembeni ana kitoto kimoja hafifu, galaksi ndogo inaitwa NGC 4478, na kutoka M86 mpaka kwake ni zaidi kidogo ya nyuzi moja kuelekea Vindemiatrix.

Sasa, kusogea huko ndo palinimaliza. Ramani nyingi zimechorwa na watu wa kaskazini ya dunia, wao wanaitazama Mashuke wameelekea kusini, mashariki ipo kushoto kwao. Sisi kwetu mashariki ipo kulia. Nikajifanya mjanja nikaigeuza ramani juu chini, macho matupu ikakubali vizuri, nikainamia lenzi... kila kitu kinyume tena! Kumbe Dobsonian nayo inapindua picha, kwa hiyo kupindua mara mbili ni kurudi palepale. Ukitazama kwa macho geuza ramani, ukichungulia kwenye lenzi irudishe ilivyochapwa. Hii ni kwa Dobsonian tu, zile za lenzi zenye kioo cha kona zinageuza kushoto kuwa kulia kama kioo cha kinyozi, huko mtajuana wenyewe.

Mimi siku hizi katikati sipiti kabisa. Naanzia Vindemiatrix, naenda magharibi nyuzi tano mpaka nyota ya Rho ya Mashuke, inaonekana kwa macho kama giza ni zuri, napanda kaskazini nyuzi moja na nusu napata galaksi mbili, M59 na M60, zimekaa pamoja, halafu magharibi tena galaksi ya M58, halafu M87. Ni safari ndefu lakini kila kituo kina jina, hupotei.

Hatua ya 4: Kuitazama
Anza na lenzi ya kuchungulia ya milimita 25, ukishaipata weka ya 10, hiyo inakuza zaidi. Usiikodolee, tazama pembeni yake kidogo, itavimba. Utaona kama pumzi uliyopuliza kwenye kioo asubuhi ya baridi, katikati pamekolea, kingo hazina mwisho. Ule mkia wa gesi ya moto aliouona mwanafalaki Mmarekani Heber Curtis kwenye picha mwaka 1918 usiutafute, kwa inchi 8 hauonekani, anayekwambia kauona anakupiga fiksi.

Mpwa wangu nilimpeleka Jumamosi. Kachungulia dakika nzima kimya, akauliza, "Hicho tu?" Nikamwambia hicho tu, shimo lake peke yake lina uzito wa jua bilioni sita na nusu. Akarudi kuchungulia, zamu yangu mpaka leo sijapewa.