Nyanya nyekundu ila hazinukii? Angalia digrii kabla hujalaumu mbegu

Habari zenu wadau wa nyanya. Kuna mama mmoja anakusanya nyanya kwa wakulima anapeleka mahotelini, kajitahidi kapata chumba cha baridi, mle ndani kapanga kabichi, karoti na nyanya zote pamoja kwenye digrii 5. Akanipigia simu analalamika, "Bwana shamba, nyanya zangu nyekundu, ngumu, hata moja haijaoza, ila jikoni wananirudishia wanasema zina ladha ya maji, hivi niliuziwa mbegu gani?" Mama, mbegu haina kosa. Kabichi na karoti zinapenda baridi kali hata karibu na digrii 0, nyanya haitaki, na ili ujue kwa nini haitaki inabidi leo tuingie kidogo ndani ya jeni, yaani yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli ya mmea, usikimbie, tutatoka salama.

Mche wa nyanya una jeni zile zile kuanzia mzizi mpaka tunda. Jani nalo lina jeni za wekundu na harufu, ila zimefungwa. Mmea una njia nyingi za kufunga jeni na mojawapo ni kubandika kitu kidogo kinaitwa methili, kaboni moja na haidrojeni tatu basi, juu ya herufi C, moja kati ya herufi nne za DNA, ule uzi ambao jeni zimeandikwa juu yake. Methili zikijazana pale mbele ya jeni, sehemu ambayo ndo swichi yake, jeni inakuwepo ila haisomwi, kama duka lenye mzigo ndani halafu mlango una kufuli. Na kabla mtu hajaniambia hii ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara, hapana, herufi hazijabadilishwa hata moja, mmea unajifanyia wenyewe kila siku.

Sasa mmea una vimeng'enya, protini zinazofanya kazi ndani ya seli, vipo vya kubandika methili, vingine vinanakili alama hizo seli ikigawanyika, na vipo vya kubandua. Hawa wabanduaji wana fujo kweli, hawavui methili peke yake, wanakata herufi C nzima wanaitoa halafu inawekwa nyingine safi. Kiwango cha methili unachokiona kwenye jeni ni mvutano wa hizo pande mbili. Kuna kammea kadogo kanaitwa Arabidopsis ambako wanasayansi wanakatumia sana, wameona jeni ya mbanduaji wake ROS1 inajipima yenyewe, methili zikizidi inafanya kazi zaidi, zikipungua inatulia, yaani kama thermostati, kile kidhibiti joto cha friji kabisa.

Turudi kwenye nyanya. Tunda likiwa bichi, jeni za kuivisha zina methili nyingi pale kwenye swichi. Linapokomaa, mbanduaji anaitwa DML2 anaongezeka, kufuli zinafunguka moja moja, tunda linatoa etilini, gesi inayosukuma kuiva, linalainika, linakuwa jekundu na lile harufu tunalolijua linakuja. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo yao, walichoma nyanya bichi sindano yenye dawa inayozuia kubandika methili, zikaiva kabla ya wakati wake! Na kuna nyanya moja ya ajabu inaitwa Cnr, haiivi vizuri, inabaki imepauka, na 2006 ikaelezwa kwamba herufi za jeni ziko sawa kabisa, shida ni methili zimejazana pale na zinarithiwa mpaka kwa watoto.

Ya mama yetu inaelezwa na kazi ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, 2016. Walichukua nyanya zilizoiva wakaziweka digrii 5 kwa siku 7, kisha wakazirudisha digrii 20 zipumzike. Sukari haikubadilika, uchachu haukubadilika, ila vile viini vya harufu vilishuka sana na havikurudi vyote, na watu walioonja waligundua tofauti. Walipochungulia ndani wakakuta baridi imemshusha DML2, na methili zimeongezeka kwenye swichi za jeni za kuivisha na za harufu. Kwa hiyo baridi haikulaza tunda tu liamke kesho likiwa vile vile, ilifunga milango iliyokuwa imeshafunguliwa. Ndo maana ukilitazama kwa macho huoni kitu.

Sasa cha kufanya. Nyanya ambayo bado ni ya kijani au ndo inaanza kupaka rangi, usishuke chini ya digrii 12 au 13, hiyo ndo namba ya kuandika mlangoni. Digrii 5 kwa zaidi ya wiki moja hivi, ukiitoa haitaiva vizuri, inapata mabaka, inaoza haraka kuliko ile iliyokaa kivulini. Iliyoiva kabisa inavumilia zaidi, Ujerumani 2020 waliweka nyanya mbivu digrii 7 siku nne na waonjaji hawakuona tofauti ya maana, kwa hiyo ukiwa na mzigo umeiva na bei imekaa vibaya, siku mbili tatu za digrii 7 hadi 10 si dhambi, ila wiki nzima kwenye digrii 5 ni kuua harufu.

Na wa Dar, Tanga na Mombasa msicheke, joto nalo lina yake. Likipita digrii 30 ule wekundu hautengenezwi vizuri, nyanya inaishia rangi ya chungwa, kwa hiyo kuivisha kwenye stoo ya mabati mchana kutwa ni hasara. Digrii 20 hadi 25 ndo kwenyewe.

Kingine kinachonikera ni kuvuna changa sana ili uwahi soko. Tunda ambalo halijakomaa hata ulipulizie nini litapata rangi tu. Pima hivi: katikati ya shamba chagua nyanya moja ya kijani, ikate kwa kisu kikali, kama kisu kinakata mbegu hiyo bado, acha. Kama mbegu zinateleza pembeni na kuna ute umezizunguka, vuna, hiyo itaiva hata ikiwa kwenye kreti. Vuna asubuhi mapema, peleka kivulini moja kwa moja, usijaze tenga mpaka za chini zipondeke.

Ambao hamna umeme msijione mmeachwa. Kibanda cha kuta mbili za matofali, katikati mchanga, unamwagia maji asubuhi na jioni, kinapooza vizuri kwa nyanya na hakiwezi kufika digrii 5 hata ukitaka. Kinafanya kazi sehemu kavu kama Dodoma na Singida, Pwani hewa ina unyevu mwingi kwa hiyo usitegemee sana.

Yule mama nilimwambia anunue kipimajoto akitundike katikati ya chumba, mbali na feni, maana kipimo cha mlangoni kinaweza kukudanganya. Kabichi na karoti zikabaki kwenye baridi yao, nyanya akazihamishia chumba cha pembeni chenye dirisha la wavu, anakusanya kwa oda na mzigo haulali zaidi ya siku tatu. Jikoni wamenyamaza, sasa wanagombana naye kuhusu hoho.